Uzi: Unakuja Dubai kikazi? Kabla ya kuuliza bei ya kitanda, uliza Ejari ina jina la nani

Bin Pangani (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam.

Kila wiki naulizwa swali lile lile kwa sura tofauti: "Kaka nimepata kazi Dubai, mshahara dirham 2,000, nyumba ni juu yangu, nitakaa wapi?" Naandika hapa mara moja ili mnaokuja mkute. Sizungumzii Dubai ya minara na mabwawa ya kuogelea. Hii ni ya mlinzi, mhudumu wa hoteli, dada wa saluni, kijana wa pikipiki za chakula na karani anayeanza maisha.

Dirham imefungwa kwenye dola tangu 1997. Dola moja ni dirham 3.67, haipandi wala haishuki, kwa hiyo elfu mbili yako ni kama dola 545. Kwa pesa hiyo chumba chenye mlango wako na choo chako kisahau kwanza. Utakodi kitanda. Huku wanaita bedspesi: chumba kimoja, vitanda vya ghorofa vitatu au vinne, kila mtu analipia godoro lake, na umeme, maji na intaneti vimo ndani ya bei. Cha chini ni ghali kuliko cha juu na kinagombewa. Deira na Bur Dubai bei ninazokutana nazo ni 600 hadi 900 kwa mwezi, kutegemea idadi ya watu chumbani na umbali wa metro. Juu yake kuna partisheni, yaani sebule au chumba kimekatwa kwa mbao au jipsamu, unapata kijichumba chenye kufuli kinachotosha kitanda na begi. Hapo unagusa elfu moja na mia kadhaa.

Sasa wengi wakifika hapo wanauliza bei tu, wanalipa, wanalala. Mimi nataka uulize jambo jingine kwanza.

Dubai kila mkataba halali wa kupanga unasajiliwa kwenye mfumo unaoitwa Ejari, chini ya idara ya ardhi. Bila Ejari huwezi kufungua akaunti ya umeme na maji ya DEWA. Maana yake ni kwamba kila nyumba unayoingia, mtu mmoja ndiye mwenye Ejari. Yule jamaa anayekupokea mlangoni, anayehesabu pesa yako na kukuonyesha kitanda, mara nyingi sana siye mwenye nyumba, na pengine hata siye mpangaji. Mpangaji kamkabidhi mtu, huyo mtu kamkabidhi mwingine, na wewe uko mwisho wa mnyororo. Akiacha kulipa yeyote aliye juu yako, umeme unakatwa. Mwezi wa saba, joto limepita digrii 40, kiyoyozi hakuna, na mmejaa chumbani. Utampigia nani?

Sheria Namba 26 ya 2007 iko wazi. Mpangaji haruhusiwi kumpangisha mtu mwingine bila idhini ya maandishi ya mwenye nyumba. Akikiuka, mwenye nyumba anaweza kuwatoa wote wawili, mpangaji na aliyepangishwa. Wewe uliyelipa kwa moyo safi unabaki na haki ya kumdai fidia aliyekupangisha, kama utampata. Kesi za kupanga zina kituo chake maalumu, lakini ada ni asilimia 3.5 ya kodi ya mwaka na haishuki chini ya dirham 500. Mtu anayedai amana ya 500 hawezi kutoa 500 nyingine kwenda kuidai.

Kwa hiyo ukifika mlangoni sema kwa upole: naomba kuona Ejari, na jina lako kwenye Ejari. Akikuonyesha kwenye simu, linganisha jina na kitambulisho chake cha Emirates. Akianza hadithi za "bosi yuko safari", shukuru, teremka ngazi. Kitanda kingine kipo mtaa wa pili.

La mwisho kabla sijawaachia uwanja, na kwangu ndilo zito kuliko yote: nyumba yako ya Dubai inatafutwa ukiwa bado Dar, Mombasa au Kampala. Sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu, ile ya 2021, inamtaka mwajiri akupe makazi yanayofaa, au akupe posho ya nyumba, au posho hiyo iwe imejumuishwa kwenye mshahara. Barua ya ofa inatakiwa uione na kuisaini kabla hujaondoka. Soma mstari wa makazi. Mwajiri anayetoa 1,600 na kitanda na basi la kazini anaweza kuwa bora kuliko anayetoa 2,200 bila chochote. Na uangalie mshahara wa msingi umeandikwa ngapi, maana kiinua mgongo kinapigwa kwenye huo: malipo ya siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza. Posho haiingii. Wapo waajiri wanaoshusha msingi na kuvimbisha posho kwa sababu hiyo hiyo.

Karibuni.

Kamau wa Rigga

Mkuu umeandika poa lakini nakataa kidogo. Hii maneno ya "nionyeshe Ejari" ni ya mtu ambaye tayari ana kazi na kitambulisho. Wasee wengi kutoka Nairobi wanaland na visa ya matembezi, wana pesa ya mwezi mmoja au miwili, na kila siku inahesabika kwa sababu ukipitisha siku faini ni dirham 50 kila siku. Huyo ukimwambia ateremke ngazi kila mara anapokosa kuona karatasi, atalala nje. Kwake kitanda ni kitanda.

Chenye ningemwambia ni asilipe zaidi ya mwezi mmoja, na kama anaweza alipe kwa wiki. Amana awe mkali nayo. Hiyo 300 au 500 wanayochukua huwa hairudi bila vita, kwa hivyo aagane mapema kwamba mwezi wa mwisho atalala bila kulipa. Na pasipoti asimpe mtu. Kopi sawa, original hapana. Hakuna mtu ana ruhusa ya kushikilia pasipoti yako, si mwenye kitanda, si bosi.

Bin Pangani

Kamau, hapo nakubali nusu. Mwenye visa ya matembezi hana nguvu ya kuchagua, kweli. Lakini huyo ndiye anayeumia zaidi nyumba ikivamiwa na wakaguzi wa manispaa, kwa kuwa hana pa kwenda wala mwajiri wa kumpigia. Kuomba kuona Ejari hakugharimu kitu. Ukikataliwa na ukaamua kulala hivyo hivyo, angalau unajua umelala wapi, na hutalipa miezi mitatu mbele kwa sababu umepewa punguzo.

Mama Zuu

Nawasalimu. Mimi nasemea wanawake, maana nyuzi hizi huwa zinaandikwa na wanaume.

Tafuta chumba cha wanawake watupu, na uulize nani ana ufunguo wa mlango wa nje. Nyumba nyingi zina chumba kimoja cha wanawake na viwili vya wanaume, choo kimoja. Tangazo litasema wanawake tu, kumbe ni chumba tu. Nenda ukaangalie saa mbili au tatu usiku, watu wakiwa wamerudi kazini. Mchana kila nyumba ina utulivu.

Halafu kunguni. Wala msione haya kukagua. Inua godoro kwenye kona, angalia mishono, angalia matundu ya skrubu kwenye kitanda cha chuma. Ukiona vidoa vyeusi kama vya ncha ya kalamu, hiyo ni kazi yao. Ondoka hata kama ni 400. Utatupa nguo, utatupa begi, na kazini utakwenda na mikono imevimba, hasa kazi zetu za saluni mteja anakutazama mikono.

Jikoni napo kuna siasa yake. Wengine hawaruhusu kupika kabisa, wengine mnapika kwa zamu. Kula nje kila siku kwa mshahara wa elfu mbili haiwezekani. Mimi nalipa 50 zaidi kwa ajili ya jiko na sijutii, maana unga na maharage yananifikisha mwisho wa mwezi.

Na lile ambalo halisemwi: mtakutana na matangazo yaliyobandikwa kwenye nguzo na vituo vya basi, yameandika taifa linalotakiwa. Fulani tu, wa jimbo fulani tu. Wengine wanaandika wazi kwamba Waafrika hawatakiwi. Usipoteze nauli kubishana. Piga simu kwanza, taja unatoka wapi, wakisita kata. Nyumba zinazotupokea tunaambiana wenyewe, kwa WhatsApp na msikitini na kanisani, na nyingi zina nafasi kabla hata tangazo halijaandikwa.

Kamau wa Rigga

Mama Zuu umesema kweli tupu. Hiyo ya kuenda usiku nimeiiba.

Wacha niongeze kuhusu partisheni kwa sababu mkuu aliipitia juu juu. Juni 2025 manispaa, idara ya ardhi na watu wa zimamoto waliingia kwa nguvu kwa zile nyumba zimekatwakatwa. Maeneo yalitajwa: Al Rigga, Al Muraqqabat, Al Barsha, Satwa na Al Raffa. Mimi nilikuwa Rigga. Mbao zilikuwa zinashushwa na lifti mchana kutwa, na watu wanatafuta kitanda jioni hiyo hiyo. Ukikosa kuelewa kwa nini wanafanya hivyo, kumbuka moto wa Al Ras hapa Deira, Aprili 2023. Watu 16 walikufa. Nyumba ikigawanywa na mbao, njia ya kutokea inabaki moja na nyaya zinaunganishwa na mtu tu, moto ukianza ni balaa. Kwa hivyo partisheni mimi singeshauri mtu sai, hata ikiwa safi. Unalipa 1,300 kwa kitu ambacho kinaweza kubomolewa wakati uko shift.

Bin Pangani

Nilipita juu juu kwa makusudi, nikijua utakuja. Naongeza moja: kipimo cha manispaa ni mita 5 za mraba kwa kila mtu. Ukiingia chumba cha mita tatu kwa nne ukakuta vitanda vya watu wanane, huna haja ya kuwa mwanasheria.

Ngosha_Mtarajiwa

Asanteni wakuu. Mimi nimepata kazi ya hoteli upande wa Marina, naripoti mwezi ujao. Rafiki yangu yuko Sharjah ananiambia njoo huku, kitanda ni 400 mpaka 450. Kwa nini nilipe 800?

Bin Pangani

Ngosha, kwa kazi ya Marina Sharjah isahau, na nakupa sababu kwa hesabu.

Metro ya Dubai inatoza kwa kanda. Kwa kadi ya kawaida ya nol, ile ya kulipia nauli, safari ndani ya kanda moja ni dirham 3, kanda mbili 5, zaidi ya hapo 7.50. Kuna kadi za mwezi pia: kanda moja 140, mbili 230, zote 350. Ukilala kanda moja na kazi, usafiri wako wa mwezi ni 140. Ukilala Deira ukafanya kazi Marina, ni 350. Tofauti ni 210. Kwa hiyo kitanda cha 800 jirani na kazi ni nafuu kuliko cha 650 Deira, na bado sijahesabu saa unazolala.

Sharjah ndiyo kabisa. Metro haifiki. Unapanda basi kama E303 mpaka kituo cha metro cha Union, halafu treni mji mzima, na barabara ya Al Ittihad asubuhi na jioni ni mateso ambayo kila anayekaa Sharjah atakuhadithia. Sharjah na Al Nahda zinamfaa mtu wa kazi ya Qusais, uwanja wa ndege au Deira. Wewe hapana.

Kitu cha pili, wewe ni wa hoteli. Metro inaanza saa kumi na moja alfajiri siku nyingi, lakini Jumapili inaanza saa mbili asubuhi. Zamu yako ikiwa saa moja Jumapili, utapanda nini? Uliza mwajiri kama kuna basi la wafanyakazi na linapita wapi, kisha tafuta kitanda kwenye njia ya basi hilo. Al Barsha, Al Quoz, upande wa Discovery Gardens, huko ndiko uanzie.

Mama Zuu

Na hoteli nyingi huwa zinatoa malazi. Mbona wewe hawakukupa, Ngosha? Uliza tena.

Shangazi wa Malindi

Wanangu hodi. Mimi naona mnazungumzia vitanda tu. Kuna wenye mume au mke anayekuja. Naandika kwa ajili yao.

Majengo mengi huku yana mtindo wa familia tu, hawachukui watu waliokuja peke yao. Kwa mwenye familia hilo ni faida, maana yana utulivu. Lakini kodi ni ya mwaka, na inalipwa kwa hundi zenye tarehe za mbele: moja, mbili, nne, wengine sita. Hundi chache zaidi, bei chini zaidi. Kwa mfano studio (fleti ya chumba kimoja tu, jiko na choo ndani) ya International City tuseme ni elfu 40 kwa mwaka kwa hundi nne. Siku ya kuingia unatoa hundi ya kwanza 10,000, amana asilimia 5 ni 2,000 (ikiwa na samani wanachukua asilimia 10), dalali asilimia 5 ni 2,000, na amana ya DEWA kwa fleti ni 2,000 nyingine. Elfu 16 zimeondoka na bado hujanunua sufuria. Halafu kila mwezi bili ya DEWA inakuja na ada ya manispaa, asilimia 5 ya kodi ya mwaka imegawanywa kwa miezi 12. Kwa nyumba hiyo ni kama 167. Watu wengi wanadhani ni umeme umepanda.

International City inasifiwa kwa bei, ila metro haijafika. Njia ya Bluu inajengwa na imepangwa kufunguliwa 2029. Kwa sasa ni basi.

Jambo zuri la kuwa na Ejari kwa jina lako ni kwamba mwenye nyumba hawezi kukurukia. Kupandisha kodi lazima akuarifu siku 90 kabla mkataba haujaisha, na kiwango kinaongozwa na faharasa ya serikali ya bei za kodi. Kodi yako ikiwa haijapungua bei ya eneo kwa zaidi ya asilimia 10, haruhusiwi kupandisha hata dirham moja. Ikiwa chini sana, mwisho ni asilimia 20. Anayetaka kukutoa akae mwenyewe au auze, ni taarifa ya miezi 12 kupitia mthibitishaji au barua ya posta iliyosajiliwa. Anayekodi kitanda hana hata kimoja katika hivi.

Bin Pangani

Shangazi, ahsante sana. Hapo ndipo nataka watu wafike. Njia ninayoipenda mimi ni ya katikati: wafanyakazi wenzako watatu au wanne mnaoaminiana mnachukua studio au chumba kimoja na sebule kihalali, Ejari kwa jina la mmoja wenu, mwenye nyumba akijua na kuandika kwamba mtakaa wangapi. Tangu 2022 idara ya ardhi inataka wote wanaoishi ndani waandikishwe kwenye programu ya Dubai REST. Kila mmoja awe na jina lake humo. Mkigawana elfu 40 watu wanne ni 833 kwa mwezi kila mtu, kabla ya DEWA. Umelipa bei ya kitanda lakini mna nyumba. Kikwazo ni zile pesa za kuingilia, na lazima jengo liwe linakubali watu wasio familia. Ndiyo maana nasema anza na kitanda, weka akiba miezi ya mwanzo, halafu hameni pamoja.

Kamau wa Rigga

Na yule mmoja mwenye hundi akihama kazi? Au akideportiwa? Hundi zake zikirudi ni shida yake na yenu.

Bin Pangani

Kweli. Ndiyo maana nikasema mnaoaminiana. Mimi ningemchagua mwenye kazi ya muda mrefu, si mwenye maneno mengi.

Neema_K

Mimi swali: kuna dada kwenye kundi la Facebook ananiambia nitume dirham 300 anishikie kitanda Satwa kabla sijafika. Kanitumia picha, chumba kizuri sana, watu wawili tu, 550.

Mama Zuu

Usitume.

Shangazi wa Malindi

Watu wawili kwa 550 Satwa? Mwanangu, huyo anauza picha.

Kamau wa Rigga

Muambie akupigie video sai hivi, atembee kutoka barabarani mpaka kwa kitanda bila kukata. Atasema network. Kama huna mtu wa kukupokea, lipa siku chache hosteli za Deira, zile za vitanda, ukitafuta kwa miguu. Ukiwa Deira unavuka kuangalia Bur Dubai na abra, zile boti za abiria, kwa dirham moja, kwa siku moja utaona vitanda vingi na bei halisi utaijua.

Neema_K

Nimemwomba video. Ameniblock 😂 Asanteni.

Ngosha_Mtarajiwa

Nimerudi. Niliandikia ofisi ya ajira ya hoteli kama Mama Zuu alivyosema. Wamejibu kwamba ninaweza kuchagua: malazi yao na basi bure, au posho ya 600 nijitegemee. Barua mpya wanatuma Jumatatu. Nichukue lipi?

Bin Pangani

Malazi, kwa mwaka wa kwanza. Posho ya 600 haikupi kitanda upande wa Marina na nauli. Ila kabla hujasaini waulize mambo matatu kwa barua pepe: malazi yako eneo gani, chumba ni watu wangapi, na baada ya mwaka unaweza kubadilisha uchukue posho? Hilo la mwisho waliandike kwenye barua yenyewe, maana anayekujibu leo huenda mwakani hayupo.

Mama Zuu

Na uliza kama kuna jiko.